Degedege zimekata kwa vitamini B6, je tuisimamishe ili tupate uhakika?

Swali la msomaji:

"Shikamoo daktari. Binti yangu ana miezi 4. Alianza degedege akiwa na siku 5, akapewa fenobabitoni, akaongezewa na dawa nyingine, zinapungua kidogo halafu zinarudi, tumelala wodini kuliko tulivyolala nyumbani. MRI ya ubongo imetoka safi. Wiki mbili zilizopita daktari mmoja akasema tujaribu vitamini B6, wakampa kwenye mshipa, yaani palepale zikakata, na mpaka leo anakunywa B6 na hajapata hata moja. Sasa wanasema tuisimamishe tuone kama zitarudi, zikirudi ndio itathibitika ni kifafa cha kurithi cha umetaboli. Naogopa. Halafu wanataka kumchoma mgongo watoe maji, sielewi ya nini kama ameshapona. La mwisho, kwetu na kwa mume wangu hakuna mwenye kifafa hata mmoja, huko kurithi kunatoka wapi?"

Jibu:

Marahaba dada yangu, na pole sana. Miezi minne ya kuangalia mtoto anakakamaa bila kujua cha kufanya ni mingi mno.

Nianze na hilo linalokunyima usingizi. Hapana, B6 isisimamishwe kwa ajili ya kutafuta uthibitisho. Uthibitisho upo kwenye mkojo na damu ya mtoto, na unapatikana huku akiendelea kunywa B6 yake kama kawaida. Muulize daktari hivihivi, "je, tunaweza kupima AASA bila kukata dawa?" na jibu ni ndiyo, hiyo AASA, dutu inayorundikana mwilini kwenye ugonjwa huu, inabaki juu hata mtoto akiwa kwenye matibabu, nitaeleza kwa nini.

Ila nisimwonee aliyewashauri hivyo, maana hajalitoa hewani, huo ndio ulikuwa utaratibu wenyewe kwa miaka mingi. Kifafa cha aina hii, yaani kifafa kinachotegemea B6, kilielezwa mara ya kwanza mwaka 1954 na Hunt na wenzake, mtoto mchanga ambaye degedege zake hazikusikia dawa yoyote, akapewa mchanganyiko wa vitamini zikatulia, wakachuja vitamini moja baada ya nyingine wakakuta inayofanya kazi ni B6. Toka hapo mpaka 2006, yaani miaka 52, hakuna aliyejua kwa hakika kinachoendelea ndani ya mwili na hakukuwa na kipimo kizuri, kwa hiyo ili uandike kwenye faili kwamba mtoto huyu anategemea B6 ilibidi umpe zikome, umnyime zirudi, umpe tena zikome. Mwaka 2006 timu ya Mills na Clayton kule London ndiyo ikaonyesha kwamba tatizo liko kwenye jeni inayoitwa ALDH7A1, na kuanzia hapo kuna kitu cha kupima maabara. Kumrudishia mtoto degedege kwa makusudi wakati kipimo kipo, mimi sikubaliani nako, tena zinaweza kurudi kwa kishindo, degedege mfululizo zisizokatika. Na hata kama kipimo cha kuikata B6 kisingekuwa na hatari bado ni kipimo kibovu, kwa sababu B6 haitoki mwilini haraka, degedege zinaweza kuchukua siku nyingi au hata wiki kadhaa ndio zirudi, sasa mkikata siku tatu mkaona kimya mnaweza kusema "kumbe haikuwa B6" mkaenda nyumbani, halafu zikawakuta njiani.

Sasa tuingie kwenye utaratibu wenyewe, maana ukiuelewa huu mengine yote yanajieleza.

Kwenye protini kuna asidi amino inaitwa laisini. Iko kwenye maziwa, iko kwenye kila chakula chenye protini, na mwili unaihitaji. Ile inayobaki baada ya mwili kuchukua sehemu yake inavunjwa hatua kwa hatua, na kila hatua ina kimeng'enya chake, yaani protini inayoiendesha. Jeni ya ALDH7A1 ndiyo inatoa maelekezo ya kimeng'enya kimojawapo, na kikiwa kibovu njia inaziba pale, na kinachorundikana nyuma ya kizuizi ndiyo hiyo dutu tunayoiita kwa kifupi AASA. AASA ina pacha wake, P6C, zinabadilikiana zenyewe kwa zenyewe, na huyu pacha ndiye mkorofi, anaishika B6 iliyo tayari kufanya kazi anagandana nayo na B6 hiyo haifai tena. Kwa hiyo mtoto anaweza kuwa anapata B6 ya kutosha kabisa kwenye maziwa lakini ikifika ndani inakamatwa kabla haijatumika.

Na B6 siyo kitu cha pembeni, ni msaidizi wa vimeng'enya zaidi ya 140. Kimoja kati ya hivyo ndicho kinachobadilisha glutameti kuwa GABA. Glutameti inaamsha seli za ubongo, GABA inazituliza, yaani ukikosa B6 pale unapata mawili kwa mpigo, kichochezi kinabaki na breki haitengenezwi. Hapo ndipo utaelewa kwa nini fenobabitoni ilihangaika. Fenobabitoni haitengenezi GABA, kazi yake ni kuifanya GABA iliyopo itulize kwa nguvu zaidi, sasa kama iliyopo ni kidogo itatia nguvu kitu gani? Wakati mwingine inasaidia kidogo mwanzoni, na hako kanafuu ndiko kanakochelewesha watu kuifikiria B6. Ukimpa mtoto B6 nyingi unazidi uwezo wa P6C kuikamata yote, inayobaki inatosha kuwasha vile vimeng'enya, GABA inatengenezwa, degedege zinakata. Palepale, kama ulivyoona mwenyewe.

Lakini angalia, ile njia ya laisini bado imeziba. B6 haijazibua kitu. AASA inaendelea kujaa kesho na keshokutwa, ndio maana inapimika kwenye mkojo na damu hata mtoto akiwa anatumia dawa. Na ndio maana pia nakuambia kwa upole kwamba degedege kukoma siyo sawa na kupona, nitairudia hiyo mbele.

Kabla sijaendelea niseme kitu ambacho hukuuliza ila akina mama wengi wanakibeba kimyakimya, "au ni kwa sababu sikula vizuri nikiwa mjamzito?" Hapana dada. Kukosa B6 na kuitegemea ni vitu viwili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 huko Marekani kuna watoto walipata degedege kwa sababu maziwa ya kopo waliyokuwa wanapewa yalipoteza B6 wakati wa kuyatengeneza kwa joto, hao walikuwa na upungufu wa kweli, wakapewa kidogo tu ya kawaida wakapona na habari ikaisha. Wa kwako, kama ndiyo hii tunayoifikiria, hajapungukiwa, mashine ya ndani ndiyo imezaliwa hivyo, na hakuna chakula ambacho ungekula kikaibadilisha.

Turudi kwenye vipimo. Wapime AASA kwenye mkojo au damu, na wengi hupima pamoja na asidi ya pipekoli ambayo nayo hupanda. Maabara nzuri itaangalia pia sulfaiti, kemikali yenye salfa, kwa sababu kuna ugonjwa mwingine, wa kukosa kiungo chenye molibdenamu, nao unapandisha AASA na unaleta degedege kali siku za mwanzo, sasa usipoangalia sulfaiti unaweza ukambandika mtoto jina lisilo lake. AASA ikiwa juu, sulfaiti ikiwa sawa, na kipimo cha jeni kikaonyesha hitilafu mbili kwenye ALDH7A1, hapo mjadala umekwisha.

Je AASA ikirudi ya kawaida? Hapa nakuomba uwe makini sana kwa sababu ndipo watu wanapojikwaa, wanasema "kipimo kiko safi, basi toa B6". Hapana. Kuna jeni nyingine mbili zinazoleta kifafa kinachosikia B6 huku AASA ikiwa kawaida kabisa. Moja ni PNPO, ambayo kazi yake ni kuigeuza B6 tunayokula iwe ile iliyo tayari kwa kazi, na baadhi ya watoto wa PNPO wanahitaji wapewe moja kwa moja ile iliyo tayari, inaitwa pairidoksali fosfeti, kwa sababu B6 ya kawaida, pairidoksini, haiwatoshi. Nyingine ni PLPBP, iligunduliwa 2016, hiyo inahusika na kuitunza na kuigawa B6 ndani ya seli. Mpaka jeni zote tatu ziwe zimesomwa, B6 inabaki. Tena ni heri wasome jeni nyingi kwa pamoja kuliko moja moja, kwa sababu wapo pia watoto wenye hitilafu kwenye jeni iitwayo KCNQ2, ambayo haina uhusiano na laisini kabisa, na baadhi yao walipata nafuu walipopewa B6. Kuna utafiti uliotoka 2023 uliochukua watoto wachanga 100 wenye kifafa kutoka nchi 4, wakasomewa jenomu yote, yaani maelekezo yao yote ya kurithi, kwa haraka pamoja na ya wazazi wao, na watoto 43 wakapata jibu. Kwangu hiyo ni namba kubwa sana, maana ni watoto ambao zamani tungeandika "chanzo hakijulikani" tukaendelea kuongeza dawa.

Na MRI safi isikuchanganye. MRI inaonyesha umbo la ubongo, haionyeshi kemia yake.

Haya, kuchomwa mgongo. Naelewa kwa nini unakataa moyoni, mtoto katulia halafu mnakwenda kumchoma. Mtazamo wangu ni huu, kama mkojo, damu na jeni vinaweza kupata majibu ndani ya muda unaoeleweka, na majibu yakawa ya ALDH7A1, mara nyingi maji ya mgongo hayataongeza kikubwa, unaweza kuuliza kama kinaweza kusubiri. Lakini kama majibu hayaeleweki au vipimo hivyo havipatikani haraka, usikatae, kwa sababu yapo magonjwa ambayo yanaonekana kwenye maji ya mgongo vizuri kuliko kwenye damu na yana matibabu yake. Mfano mkubwa ni ule wa mlango wa glukosi, GLUT1, ulioelezwa 1991 na De Vivo na wenzake. Mtoto ana sukari nzuri tu kwenye damu ila mlango wa kuipitisha kwenda kwenye ubongo ni mbovu, ubongo unashinda njaa katikati ya shibe. Kwenye damu huoni kitu. Kwenye maji ya mgongo unakuta glukosi imeshuka, kwa wengi iko chini ya 2.2 mmol/L, au ukiigawanya kwa ya damu unapata chini ya nusu wakati kawaida ni kama theluthi mbili. Na dawa yake siyo vidonge, ni lishe ya ketojeniki, mafuta mengi na wanga kidogo sana, ini linatengeneza ketoni na ketoni zinaingia kwenye ubongo kwa mlango mwingine. Kwenye maji hayohayo wanaweza kupima glisini na serini pia, asidi amino mbili ambazo kila moja ina ugonjwa wake, na wa kukosa serini unatibika kwa kumpa serini yenyewe.

Ila kama mtachoma basi kifanyike vizuri kisirudiwe. Mtoto awe hajanyonya kwa saa kama 4 hivi, muda kamili watakupangia wao kulingana na umri wake na hali yake, na damu ya kupima sukari itolewe KABLA ya sindano ya mgongo, siyo baada, kwa sababu mtoto akilia na kuogopa sukari ya damu inapanda na hesabu yote inaharibika. Maji yakichanganyika na damu vipimo vya asidi amino havisomeki vizuri. Haya ni mambo madogo ila nimeona sampuli nyingi zikifika maabara hazina maana kwa ajili ya mambo madogo, na mtoto ameshaumia bure.

Kuhusu kurithi. Ugonjwa huu unafuata njia iliyojificha, kila mtu ana nakala mbili za jeni, moja ya mama na moja ya baba, na nakala moja nzima inatosha kabisa. Wewe unaweza kuwa na moja mbovu na mumeo moja mbovu, na wazazi wenu, na babu zenu, wote wazima, hakuna hata mmoja aliyewahi kuanguka. Ugonjwa unaonekana pale mbovu mbili zinapokutana kwa mtoto mmoja, na hiyo ni nafasi 1 kati ya 4 kila ujauzito, siyo kwamba mmoja akishapata watatu wanaofuata wamesalimika, hapana, kila mimba inaanza hesabu upya. Kwa hiyo kutokuwepo kifafa kwenye ukoo hakupingani na utambuzi huu, ndivyo inavyokuwa kwa familia nyingi. Makadirio ni kama mtoto 1 kwa kila 65,000 wanaozaliwa. Na nisikie vizuri hapa, hakuna wa kulaumiwa kati yako na mumeo, wala ukoo wako wala wa kwake, maana najua mazungumzo ya kifafa cha kurithi yanavyoweza kuvunja nyumba.

Kuna jambo lingine siwezi kulipita. Kama kuna mtu anafikiria kumwongezea valproeti kabla majibu hayajatoka, mwombe asubiri au aeleze kwa nini ni lazima. Ni dawa nzuri ya kifafa kwa watoto wengi, ila kwa mtoto chini ya miaka 2 ambaye tunashuku ugonjwa wa umetaboli inatutisha. Kama tatizo liko kwenye mitokondria, vile vinu vya nishati ndani ya seli, hasa jeni ya POLG, inaweza kuua ini, na kama tatizo liko kwenye njia ya kusafisha amonia, taka yenye sumu itokanayo na protini, itaipandisha amonia zaidi. Kwa binti yako B6 imeshatuliza, sioni haraka ya kwenda huko.

Sasa tuseme majibu yametoka na ni ALDH7A1. B6 ni ya maisha. Kwa watoto wachanga dozi huwa kati ya miligramu 15 na 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na kichanga kwa kawaida hazidishiwi miligramu 200 kwa siku. Ninakutajia hizi ili uelewe kinachoandikwa kwenye cheti, siyo ujipimie, na tafadhali usiongeze mwenyewe kwa kuwa ni "vitamini tu". B6 ikizidi kwa muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu ya miguuni na mikononi, mtu anakufa ganzi, anayumba akitembea. Hata ile ya mshipani waliyompa siku ya kwanza inaweza kumfanya kichanga asahau kupumua, ndio maana hutolewa hospitalini tu penye vifaa vya kumsaidia. Siku za homa au kutapika degedege zinaweza kuchungulia tena, wengine huongezewa dozi siku chache, mpate huo mpango wa maandishi mapema kutoka kwa daktari wenu kabla homa haijaja.

Halafu ile niliyoahidi kuirudia. Karibu robo tatu ya watoto wenye ugonjwa huu wanachelewa kiakili au katika kujifunza kwa kiwango fulani, hata wale ambao degedege zao zilidhibitiwa vizuri. Kwa muda mrefu hilo lilikuwa fumbo, ila ukikumbuka ile njia iliyoziba utaona sababu inayoshukiwa, AASA na wenzake wanaendelea kujaa kwenye ubongo. Ndio maana sasa hivi haiishii kwenye B6, watoto wanapunguziwa laisini kwenye chakula na kupewa maziwa maalumu yasiyo na laisini, na wanaongezewa arjinini, asidi amino inayogombea mlango mmoja na laisini kuingia kwenye ubongo, arjinini ikiwa nyingi laisini inayopita inapungua. Tafiti zinaonyesha matokeo bora kwa walioanza ndani ya miezi 6 ya mwanzo. Binti yako ana minne. Hapo ndipo ninapokuwa na haraka, kwenye hayo matibabu, siyo kwenye kuikata B6. Ila laisini haiondolewi yote, mwili unaihitaji akue, kwa hiyo lazima awepo mtaalamu wa lishe na vipimo vya damu vya mara kwa mara, usijaribu kumpunguzia maziwa peke yako nyumbani nakuomba sana.

Na ukija kushika mimba nyingine sema mapema kabisa. Inawezekana kupima mtoto akiwa tumboni mkitaka, na mama anaweza kupewa B6 wakati wa ujauzito, na mtoto akaanzishiwa akizaliwa tu wakati mnasubiri majibu, maana wapo wanaoanza degedege wakiwa bado tumboni, baadhi ya akina mama hukumbuka baadaye mtoto alikuwa anacheza kwa namna ya kupigapiga isiyo ya kawaida.

Kesho madaktari wakipita, kabla ya yote uliza kuhusu huo mkojo. AASA inaharibika haraka sampuli ikikaa kwenye joto la kawaida, kwa hiyo ukishatoka usiachwe juu ya meza ukisubiri mtu wa kuupeleka, ugandishwe barafu mara moja na usafiri ukiwa umeganda mpaka maabara, na kwenye fomu waandike wazi kwamba mtoto yuko kwenye B6, dozi gani, na ameanza lini.